Kumwaga oili kwenye yoti: nati ya sampu haifikiki, filta inachafua ngama

TangaMbili33

Habari wakuu. Naomba msaada kwa wanaohudumia mashine za ndani kwenye boti za matanga.

Boti ni yoti ya fiberglasi ya futi 33, iko majini Mtwapa, inapandishwa nchi kavu mara moja kwa mwaka. Mashine ni Yanmar 3GM30, ile inayopozwa moja kwa moja na maji ya bahari. Nati ya kumwagia oili iko chini ya sampu (beseni la oili lililo chini ya mashine), na kati ya sampu na fiberglasi hapapiti kiganja, sembuse beseni. Kwa hiyo oili inavutwa kwa pampu ya mkono kupitia tundu la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Kazi inachukua karibu saa nzima na kinachotoka ni lita moja na nusu tu, wakati mashine inabeba kama lita 2.6. Halafu filta imelala ubavuni mwa bloku, ikilegezwa tu oili inateremka hadi kwenye ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ya boti.

Wazo lililopo ni kutoa ile nati ya sampu, kufunga mpira wa kudumu wenye koki mwishoni, na kuvutia oili hapo. Je, ni jambo la busara? Mpira wa aina gani? Na pampu ya umeme ya volti 12 inafaa kununuliwa?

FundiKilindini

Mkuu, kabla hujakata mpira wowote, tafuta kwanza kwa nini unapata lita moja na nusu. Kwenye filta inabaki robo lita hivi, na kidogo hushika kwenye kuta. Hiyo nyingine, karibu nusu lita na zaidi, imebaki chini ya sampu, na ndiyo chafu kuliko yote. Ukijaza mpya juu yake hujabadilisha oili, umeichanganya.

Sababu ya kwanza ni baridi. Thamostati ya 3GM30 ya maji ya bahari inaanza kufunguka kwenye nyuzi 42, wakati ile ya 3GM30F, yenye maji yasiyo na chumvi ndani, inafunguka kwenye nyuzi 71. Imewekwa chini hivyo kwa sababu maji ya bahari yakipata moto mwingi chumvi inaganda kwenye njia zake. Maana yake mashine yako haipati moto haraka. Ukiiwasha dakika tano ikiwa nyutro, sindano ya joto inapanda lakini oili bado nzito kama asali. Ifunge boti kwa kamba imara omo (mbele) na tezi (nyuma), ingiza gia mbele, iache mizunguko 2,000 kwa dakika 20. Bora zaidi, fanya kazi hii boti inaporudi tu kutoka safarini. Ukizima, subiri dakika kumi iliyoko juu iteremke. Oili ikiwa moto, masizi yaliyotulia chini yanaelea ndani yake na kutoka nayo, ikipoa yanabaki.

Sababu ya pili ni mrija. Watu wanasukuma mrija mwembamba kwa kuwa ndio uliokuja na pampu. Mtiririko wa oili kwenye mrija unafuata kipenyo cha ndani kikizidishwa chenyewe mara nne, kwa hiyo mrija wa milimita 6 ndani unapitisha mara tano ya ule wa milimita 4. Chukua biti za kekee, jaribu upande wake wa nyuma, ule usio na meno, kwenye tundu la dipstiki mpaka upate ile kubwa kabisa inayoingia bila kulazimishwa. Hicho ndicho kipenyo cha nje unachokitafuta, punguza nusu milimita. Kuta ziwe nyembamba lakini ngumu. Mrija laini ukikutana na oili ya nyuzi 70 unalegea, na ombwe la pampu linaubana kama mrija wa soda ulioziba. Nailoni ngumu inafaa. Kabomba ka shaba nyekundu kanafaa zaidi pale ambapo tundu limenyooka.

Sasa kina. Laza dipstiki sambamba na mrija, weka alama ya tepu pale dipstiki inapokaa kwenye mdomo wa tundu, kisha alama ya pili sentimita tatu juu yake. Shusha taratibu mpaka usikie umegusa chini, ndipo uinue milimita tano. Mrija ukizidi kuingia haufiki chini zaidi, unajikunja ndani ya sampu na ncha inatazama juu, ikanyonya hewa huku oili ipo. Nina hakika hapo ndipo nusu lita yako inapobaki. Ncha ikatwe mshazari, kwa sababu ikikatwa sawa inajibandika kwenye sakafu ya sampu na kujiziba yenyewe.

Ukiona povu jingi kwenye mrija wakati dipstiki bado inaonyesha oili, kagua kiungo cha mrija na pampu. Kitundu kidogo hapo kinaua ombwe lote. Kipande cha mpira laini na klipu mbili vinatosha.

La mwisho, inamisha boti. Tundu la dipstiki liko upande mmoja wa mashine, na oili hufuata mteremko. Toa bumu (boriti ya chini) ya tanga kuu nje upande huohuo, ning'iniza madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji kwenye ncha yake, na watu wawili wakae ukingoni. Unapata digrii tatu au nne. Kuhamisha mizigo omo au tezi hakusaidii, boti ya futi 33 haiinami kwa urefu wake kwa kilo mia.

Gubeti

Hayo ya joto na mrija ni kweli tupu. Lakini mpira wa kudumu si wazo baya, na anayeufunga sawasawa anavuta oili yote kutoka pale chini kabisa, bila kubahatisha na mrija. Tatizo ni jinsi wengi wanavyoufunga. Wanachukua mpira wa dizeli, wanaubana kwa klipu za kuzungusha, na kuacha koki ikining'inia juu ya ngama. Mpira huo ukichanika au klipu ikilegea, oili yote inatoka kwa dakika chache. Swichi ya presha kwenye mashine hizi inafunga mzunguko presha ikishuka karibu na bari 0.2. Alamu ikilia hakuna tena oili ya kuokoa beringi.

Ikiwa unafanya, fanya hivi. Nati ya sampu ipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma, apime uzi kwa geji. Usikisie kwa macho, kwa kuwa uzi wa milimita na uzi wa inchi wa bomba vinaweza kushikana mizunguko miwili mitatu kisha kuharibu sampu. Kwenye sampu ifungwe boliti ya banjo, ile yenye tundu ndani la kupitisha oili, kwa sababu inatoka kwa pembe na kuchukua nafasi ndogo chini. Washa (zile pete za kuzibia) ziwe mpya za shaba nyekundu, au zile za chuma zenye mpira ndani. Washa ya shaba iliyokwisha kutumika inakuwa ngumu. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini, ndipo inalainika tena.

Mpira uwe wa haidroliki wa inchi 3/8, wenye waya ndani, na viungo vyake vikandamizwe kwa mashine na wale wanaotengeneza mipira ya matrekta na makatapila. Klipu hazina nafasi hapa. Uachie ulegevu, maana mashine inacheza juu ya mauntini zake (miguu ya mpira inayoishikilia) kila inapowashwa na kuzimwa, na mpira uliokazwa unachosha kiungo. Popote unapogusa kona ya chuma au fiberglasi, uvishe kipande cha mpira mwingine.

Sasa jambo linalopuuzwa. Ncha ya mpira ipande juu, ipite usawa wa oili kwenye sampu kwa sentimita 20 angalau, na ifungwe kwenye ukuta kwa kibano. Hivyo kifuniko kikilegea oili haimwagiki. Mwishoni weka kifuniko cha shaba cha uzi kinachokazwa kwa spana. Koki haihitajiki kabisa. Pampu ndiyo inayovuta, kwa hiyo huhitaji kushusha ncha chini.

FundiKilindini

Nakubaliana na Gubeti kuhusu ncha kupanda juu na kuhusu kuacha koki. Ila naongeza sharti moja: mpira huo ufungwe siku mashine imetolewa au imeinuliwa kwenye mauntini. Kufunga banjo kwa kupapasa, hapapiti kiganja, hujui kama washa imekaa sawa, hujui umekaza kiasi gani. Kiungo ambacho huwezi kukiona wala kukikagua kila mwezi hakifai kubeba oili yote ya mashine. Kwa 3GM30 iliyokaa ndani ya boti, mrija mzuri kwenye tundu la dipstiki unatosha, na ndiyo njia inayotegemewa kwenye mashine ndogo za namna hii. Subiri siku ya kubadilisha mauntini au kupaka rangi, kisha ufunge mpira.

DauLaMsasani

Naona mmeiacha filta, na ndiyo inayochafua boti kuliko sampu.

Kwanza kabisa zima pampu ya ngama inayojiwasha yenyewe. Toa fyuzi, usitegemee swichi. Oili ikidondoka ngamani pampu inaisukuma nje, na utando wake unaenea kwenye mlango wote wa bahari. Tandika nepi za watoto chini ya mashine, upande wa kunyonya ukitazama juu, mbili kwa filta moja. Zinashika oili kuliko matambara.

Filta iliyolala haimwagi kwa sababu umekosea, inamwaga kwa sababu ndani yake kuna vali ya mpira inayozuia oili isirudi kwenye sampu mashine ikizimwa. Hata ukisubiri usiku kucha inabaki imejaa. Kwa hiyo ipe njia ya kutoka unayoitaka wewe. Chukua dumu la mafuta ya kupikia la lita 3 au 5, likate ubavu mmoja liwe kama beseni, lisukume chini ya filta mpaka ukingo wake uguse bloku. Toboa filta kwa msumari juu kabisa, kisha chini. Tundu la juu linaingiza hewa, la chini linamimina ndani ya dumu. Subiri robo saa. Ukiifungua baada ya hapo vinatoka vijiko viwili tu. Zamani watu walivisha filta mfuko wa plastiki wa dukani na kuifungulia ndani yake, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya 2017 na Tanzania 2019, na ilikuwa inachanika hata hivyo. Dumu ni bora.

Usitoboe kabla hujahakikisha kwamba filta inazunguka. Ilegeze robo mzunguko kwanza kwa spana ya kikombe au ya mkanda. Ukitoboa halafu ikagoma kufunguka, umebaki na mashine isiyowaka na filta yenye matundu.

Ikitoka, tazama uso wa bloku kwa tochi na upapase kwa kidole. Gasketi ya zamani inapenda kubaki imebandika pale, nyeusi juu ya nyeusi, haionekani. Ukifunga filta mpya juu yake unakuwa na gasketi mbili. Zinavumilia mashine ikiwa taratibu, lakini ukipandisha mizunguko presha inafika bari tatu na zaidi, moja inachomoka na oili inarushwa chumba kizima. Paka gasketi mpya oili kwa kidole, kaza kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Usikaze kwa spana.

Wapo watakaokushauri kuhamisha filta mbali, kwa kichwa cha pembeni na mipira miwili, ili isimame wima. Kwa boti ambayo filta haifikiki kabisa, sawa. Kwako inafikika, inachafua tu. Ukiihamisha unaongeza viungo vinne vyenye presha ya mashine wakati wote, na ukikosea kubadilishana mpira wa kuingia na wa kutoka, filta inazuia badala ya kupitisha. Dumu lililokatwa halina hatari hiyo.

TangaMbili33

Ahsanteni sana wakuu, mmenifungua macho hasa kuhusu mrija kujikunja. Maswali matatu yamebaki. Pampu ya umeme? Kujaza na kuwasha baada ya filta mpya, kuna mpangilio maalumu? Na kwa kuwa dizeli ya siku hizi ina salfa kidogo, naweza kuvuka saa 100 za mashine kabla ya kubadilisha oili, nifike 200?

Gubeti

Pampu ya umeme ina faida ukiwa na mpira wa kudumu au mashine zaidi ya moja. Kwa lita mbili na nusu, pampu ya mkono ya kunyonya yenye tangi lake la lita 6 inatosha: unapiga mara 20 au 30, unaiacha ivute yenyewe, na dakika kumi baadaye oili iko ndani ya tangi, hakuna tone nje. Ukinunua ya umeme, chukua yenye gia za shaba. Zile za impela ya mpira zinaungua zikivuta hewa sekunde chache, na mwisho wa kila kazi lazima zivute hewa. Na kama ina swichi ya kugeuza mwelekeo, iandike wazi wapi ni kutoa na wapi ni kujaza.

Pampu hiyohiyo itoe oili ya gia boksi pia, ni kama theluthi moja ya lita. Kwenye gia hizi ndogo za Yanmar dipstiki inapimwa ikiwa imekaa tu juu ya tundu, bila kuizungusha kwenye uzi. Ukiizungusha inasoma juu na unajaza pungufu.

FundiKilindini

Kwanza hilo la saa 100. Ni kweli tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, na hilo limepunguza asidi kwenye oili. Lakini adui mkubwa wa mashine ya yoti si salfa. Ni kuwashwa dakika 15 kutoka bandarini, kisha kuzimwa tanga linapopandishwa, au kuwashwa saa nzima bila mzigo kuchaji betri. Maji yanayotokana na kuungua kwa dizeli hayapati joto la kuyafukuza, yanabaki kwenye oili pamoja na masizi. Yako ndiyo ile ya nyuzi 42. Baki na saa 100, au mara moja kwa mwaka kama hazifiki. Na ubadilishe kabla ya kuiweka boti kipindi cha kusi, usingoje uje kuibadilisha kaskazi ikirudi. Miezi hiyo yote beringi zinakaa ndani ya hiyo oili, heri iwe safi.

Oili iwe ya dizeli, 15W-40, yenye alama ya CF-4 au CH-4 kwenye dumu. Rimula ya Shell na Rubia ya Total zote zinapatikana. Usiweke ya petroli kwa kuwa ni nafuu.

Kujaza: mimina lita mbili, polepole, subiri dakika tano. Pima. Kisha ongeza mililita 100 kila mara. Usimimine lita 2.6 kwa mkupuo kwa kuwa kitabu kimesema, maana chini inabaki kidogo siku zote, na mteremko wa mashine kwenye boti yako haulingani na wa boti nyingine. Kupita alama ya juu ni kubaya kuliko kuwa katikati: krenki inaipiga oili inakuwa povu, presha inayumba, na inayobaki inapanda kwenye tundu la kupumulia na kutoa moshi wa buluu. Boti ikiwa imeegemea mchangani wakati wa maji kupwa, usipime kabisa.

Kuwasha: filta mpya ni tupu. Funga koki ya maji ya bahari. Inua vile vijiti vitatu vya kuachia kompresheni, vuta waya wa kuzimia, zungusha kwa stata sekunde tano, pumzisha, rudia mara mbili. Taa ya oili itazimika. Koki ifungwe kwa sababu pampu ya maji inazunguka pamoja na mashine, na bila moshi wa kuyasukuma nje, maji yanajaa kwenye mafla na kurudi ndani ya silinda kupitia ekzosi. Shusha vijiti, rudisha waya, fungua koki, washa. Hakikisha maji yanatoka nyuma. Ikimbize dakika tano bila mzigo, mulika filta kwa tochi, zima, subiri dakika kumi, pima tena.

DauLaMsasani

Na oili unayoitoa itazame kabla hujaifunga kwenye dumu. Nyeusi ni kawaida, hata baada ya saa kumi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji ya bahari. Kwanza kagua kile kivali cha juu kwenye mpira wa maji kinachozuia boti kujinyonyea maji, kisha gasketi ya silinda hedi. Baada ya kutengeneza, badilisha oili mara mbili au tatu, kila mara ukiikimbiza dakika kumi, mpaka itoke safi. Usiiache hata usiku mmoja.

Ikiwa imepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, na ukiisugua vidoleni inanuka dizeli na kuteleza kama maji, dayaframu ya pampu ya kuvuta dizeli imepasuka na inamwagia ndani ya mashine. Badilisha pampu kabla ya kuwasha tena.

Ya zamani irudi kwenye madumu yaliyokuja na mpya, ikae wima, ipelekwe kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, au NEMC upande huu wa Tanzania. Asipewe mtu wa kupaka nguzo za gati, mvua ya kwanza inaipeleka majini. Nepi na filta iliyotobolewa ziende pamoja nayo, filta ikiwa imening'inizwa tundu la chini siku nzima juu ya dumu. Utashangaa bado kuna oili inayotoka.